Nani Atakayemsadiki Huko? Barua ya Wazi kwa Wazazi, Walezi na Wazee wa Didia

Wazazi wenzangu, walezi na wazee wa kata ya Didia, na nyinyi wajumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto,

Nawaandikieni hadharani, ingawa wengi wenu ningeweza kuwafuata majumbani kwa miguu kabla jua halijawa kali, kwa kuwa neno nililo nalo ni neno tulilolisema hadharani kwa miaka mingi, vibarazani, misibani na chini ya miembe, na mimi nikiwa mmoja wa wasemaji wake hodari. Na kosa lililotendwa mbele ya watu haliungamwi chumbani. Neno lenyewe mnalijua. Kijana akianza kuvuta bangi, akawa mtoro shuleni, akamjibu mama yake maneno ambayo sisi tusingethubutu hata kuyawaza mbele ya mama zetu, ukoo hukaa kikao, lawama huzunguka kutoka kwa baba hadi kwa mama na kutoka kwa mama hadi kwa mwalimu, na inapokuwa imezunguka hata imechoka, hutokea mmoja mwenye mvi akakohoa na kusema: “Mpelekeni porini akanyooke.”

Pori hilo lina sura nyingi. Kwa huyu ni machimboni Geita kwa mjomba. Kwa yule ni kambi ya ng'ombe mbali na barabara. Kwa wa tatu ni uani kwa mganga. Na kwa wenye uwezo ni nyumba fulani yenye ukuta mrefu na lango la chuma, inayosifiwa kwamba anayeingia humo mbwa hutoka kondoo. Sura ni mbalimbali, lakini dhana ni moja: kwamba mahali pagumu humfundisha mtoto mgumu, na kwamba umbali wenyewe ni dawa.

Mimi niliwahi kulitamka neno hilo, nikatiiwa. Mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, alikuwa na umri wa miaka 15, mrefu kuliko akili yake, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na katika mwaka mmoja alikuwa ameuza baiskeli ya bibi yake, amefukuzwa bweni, na amelala siku mbili kituo cha polisi. Mama yake, mjane, alikuwa amekonda kwa fikra. Nikaitwa kwa sababu ni mwalimu mstaafu na hudhaniwa kuwa nina maarifa ya watoto; nikasikiliza; nikakohoa; nikasema. Mjomba wake alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Geita. Kijana aliondoka kwa basi la alfajiri, begi la shule mgongoni, ndani yake shuka moja na jozi ya malapa, nami nilimpa shilingi elfu tano na wasia mrefu.

Alikaa huko miezi mitano. Kazi yake ya mchana ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka mdomo wa duara hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Na jioni alikaa mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, akichanganya zebaki na mchanga uliokwisha kuoshwa, katika beseni, kwa viganja vitupu, kisha akiuminya mchanganyiko huo ndani ya kitambaa mpaka kibaki kidonge cha kijivu, ambacho wakubwa walikiweka juu ya mkaa kukichoma, naye amechutama hapo hapo akipuliza moto. Moshi wa zebaki hauna rangi ya kumtisha mtu. Huingia mwilini kwa pumzi, ukaenda taratibu kwenye mishipa ya fahamu, na anayeuvuta sana huanza kutetemeka mikono na kusahausahau. Lakini hayo huja polepole, na kwa mtoto ambaye amekwisha kuitwa mzembe, kutetemeka huitwa uvivu na kusahau huitwa kiburi.

Mwezi wake wa tano huko alianza kuumwa tumbo, upande wa kulia, chini. Siku ya kwanza alisema, akaambiwa anakwepa viroba. Siku ya pili alisema tena, akaambiwa kwamba habari zake zilitangulia kufika, na kwamba aliletwa huko kwa sababu ya uongo wake. Siku ya tatu hakusema. Aliyemwokoa ni mama ntilie mmoja, ambaye hata leo jina lake silijui ila namwombea kila nikumbukapo, aliyeona kwamba sahani ya ugali inarudi kama ilivyokwenda, mara ya kwanza na mara ya pili. Akamfuata kijana alipojilaza nyuma ya banda, akamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono wake, na bila kumwuliza mjomba wala mtu mwingine akaita bodaboda. Alipasuliwa usiku ule ule. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na daktari alisema kwamba kingengoja mpaka kesho yake kingepasuka.

Nimeitafakari sana kauli ile ya kwamba habari zake zilitangulia kufika. Aliyezitanguliza ni mimi. Mjomba mtu si mkatili, ana watoto wake na huwalisha vizuri, lakini katika simu niliyompigia usiku wa kuamkia safari nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, “Usimsikilize sana, ana maneno mengi.” Naye alinitii.

Mkiulizwa hatari za porini, wengi mtataja nyoka, fisi, kiu, na duara kufukia watu, nami sikatai, kwa maana hayo yote yapo na yamekwisha kutuzikisha. Lakini tazameni mambo yanavyokuwa nyumbani. Mtoto mkorofi akiumwa nyumbani, yupo bibi, yupo jirani, yupo mwenye duka anayemwuzia sukari, na baina yao hakosi mmoja wa kusema, “Macho ya huyu leo si mazuri.” Tunapompeleka mbali, kwa watu wasiomjua ila kwa sifa mbaya tuliyowapelekea, tunamvua mashahidi wake wote kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo kila dalili ya maradhi huhesabiwa kuwa ithibati ya ukaidi. Akilia, anaigiza. Akinyamaza, ananuna. Akianguka, anajiangusha.

Nchini Marekani jambo hili limekuwa biashara kamili, yenye ofisi, matangazo na bei. Mzazi aliyeshindwa na mwanawe hulipa fedha nyingi, na mara nyingine watu wa kukodi huja usiku, wakamtoa kijana kitandani mbele ya wazazi wake walioshauriwa wasiingilie, wakampeleka katika jangwa au misitu ya milimani, aishi huko wiki nyingi, akitembea na mzigo mgongoni, akipika kwa moto wa kupekecha, na akizuiliwa kuzungumza na nyumbani ila kwa barua zinazosomwa kwanza na wasimamizi. Huiita tiba ya nyikani. Katika mwaka 1990, kwa muda wa wiki chache tu, wasichana wawili, mmoja wa miaka 15 na wa pili wa miaka 16, walikufa katika safari mbili za namna hii, katika nchi kavu za Utah na Arizona, mmoja kwa kukaukiwa maji na mwingine kwa joto kali. Mwaka 1994 alikufa mvulana wa miaka 16 huko Escalante, Utah. Huyu ndiye ambaye kila nisomapo habari zake huiweka karatasi chini. Alidhoofu siku baada ya siku, alilalamika tumbo, alishindwa kujizuia haja, na walinzi wake, vijana waliofundishwa kwamba watoto hawa ni mabingwa wa hila, walisadiki kwamba anajifanya, hata alipoanguka asiinuke. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kidonda cha tumbo kilichotoboka na kuujaza mwili sumu. Alikuwa amesema kweli muda wote.

Oktoba 2007, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilileta mbele ya wabunge taarifa ya vifo 10 vya vijana katika programu za aina hii, ikaeleza juu ya watumishi wasio na mafunzo, uongozi mbovu, na maelfu ya madai ya mateso. Kulikuwa na kelele, kisha kimya. Na Februari 2024, katika kambi moja ya North Carolina, mtoto wa miaka 12 alikutwa amekufa asubuhi baada ya usiku wake wa kwanza, ndani ya kihema cha kulalia mtu mmoja ambacho zipu yake ilikuwa imewekewa kengele ili asitoke bila kujulikana. Daktari mkaguzi akasema kwamba mtoto huyo alikosa pumzi. Walikuwepo wasimamizi wamelala palepale, hatua chache tu. Kengele ilitegwa kuwaambia kama ametoka. Haikuwepo ya kuwaambia kama anapumua. Jimbo liliifutia kambi ile leseni yake, na Desemba mwaka huo huo rais wa nchi hiyo akatia saini sheria ya kuamuru taasisi hizi zichunguzwe, miaka 34 baada ya wale wasichana wawili.

Asitokee mtu akaniambia kwamba hayo ni ya Wazungu. Ndugu zetu Wasomali waliohamia Ulaya na Amerika wana desturi waiitayo dhaqan celis, maana yake kumrudisha mtu katika utamaduni wake, ambayo kwayo kijana aliyewashinda huko ughaibuni huambiwa kwamba anakwenda kuwaamkia mababu, na afikapo Eastleigh, Nairobi, au Somalia kwenyewe, hunyang'anywa pasipoti na kufungiwa ndani. Na waliotoka humo wamesimulia minyororo na viboko. Wazazi wao walilipa kwa kila mwezi, na aghalabu kwa nia njema, kama nilivyokuwa na nia njema mimi. Na hapa kwetu, mwaka 2013, shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakiwa na umri wa miaka 8 tu, wakishuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono. Wengi wa watoto hao walifikishwa huko na umaskini. Lakini sisi tunajua, ingawa hatukuhojiwa na mtu, kwamba wapo waliofikishwa huko na kikao cha ukoo.

Nataka nisieleweke vibaya. Sichukii pori, nimezaliwa ndani yake. Nimechunga ng'ombe wa baba yangu, nimelala nje, nimekunywa maji ya dimbwi nikiyachuja kwa pindo la kaniki, na siwezi kukataa kwamba mambo hayo yalinijenga. Kuna shule ya Outward Bound iliyojengwa huko Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro, kwa kufuata fikra za mwalimu Kurt Hahn, ambaye mwaka 1941, wakati wa vita, alishiriki kuanzisha shule ya kwanza ya namna hiyo huko Aberdovey, Wales, kuwafundisha mabaharia vijana ustahimilivu. Na vijana wengi wa Afrika Mashariki waliupanda mlima kutoka hapo wakarudi na vifua vipana. Lakini walikwenda kwa jina jema. Hakuna aliyempigia simu mwalimu wa Loitokitok kumwambia, “Huyu ni mwongo.” Hata Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963, ambalo tunapenda kulitaja kila mtoto wa miaka 14 anapovunja kikombe, huwapokea vijana waliokwisha kukua, na halimpokei mtu kwa sababu ameuza baiskeli ya bibi yake.

Na wazee wetu, mnaopenda kusema kwamba zamani mtoto alinyooshwa, naomba tukumbushane jinsi alivyonyooshwa. Sisi Wasukuma hatukuwa na jando la kumtenga kijana msituni. Tulikuwa na elika, vijana wa kijiji kizima chini ya nsumba ntale, kiongozi waliyemchagua wenyewe, wakilima pamoja na kucheza pamoja. Na aliyekosa alihukumiwa na wenzake mchana, watu wakiona, akalipa faini yake, ikaliwa naye akiwemo. Kijana aliyeswaga ng'ombe kwenda malisho ya mbali alipita katika nyumba ambazo kila moja ilijua jina la baba yake, na kabla hajarudi habari zake zilikwisha kurudi: amekula kwa fulani, amekohoa usiku, ameumwa na nge lakini hajambo. Adhabu ilikuwa kali, sikatai, na nyingine ilikuwa ya kikatili. Ila haikufanyika pasipo macho. Tunachokifanya sasa tumekitoa wapi, mimi sijui. Nadhani tumelirithi jina la desturi tukaiacha desturi yenyewe njiani.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Inakataza mateso na adhabu ya kudhalilisha. Inasema kwamba hata adhabu ya kumrekebisha mtoto haina udhuru ikiwa imepita kiasi, ukitazama umri wake na hali ya mwili na akili yake. Na miongoni mwa kazi za hatari inazomkataza inataja migodi na machimbo. Tena serikali yenyewe, pamoja na polisi wake na nguvu zake zote, ikitaka kumweka kijana katika Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, haina budi kwenda mahakamani, ushahidi ukatolewa na mtoto akasikilizwa. Mimi nilihukumu kwa simu moja, kwa vocha ya shilingi mia tano.

Wako miongoni mwetu Wasalesiani wa Don Bosco, wenye shule hapa hapa Didia, na wengi wenu mmewapeleka watoto kwao, lakini sina hakika kama mmewahi kuwauliza juu ya kisa kimoja wanachokisimulia cha huyo mwanzilishi wao. Wanasema kwamba mwaka 1855, katika mji wa Torino, Don Bosco aliomba ruhusa kwa waziri awatoe wavulana wa gereza la watoto la Generala, mamia kwa hesabu, kwenda kutembea siku nzima mashambani Stupinigi, bila askari hata mmoja. Waziri alidhani padri amepungukiwa akili, ila akakubali. Wavulana waliahidi kurudi, Don Bosco akaipokea ahadi yao kama unavyopokea ahadi ya mtu mzima, wakaenda, wakala, wakacheza, na jioni walipohesabiwa langoni hakuna aliyepungua. Nimekiweka kisa hiki hapa kwa kuwa ni safari ya watoto watukutu kwenda nje ya mji, sawa na zile nilizozitaja juu. Na kila mmoja aliyeondoka asubuhi ile alirudi mzima.

Ombi langu kwenu ni dogo na halihitaji bajeti. Siwaambii wazazi waliochoka kwamba wasichoke, maana najua mama wa kijana wetu alivyokuwa akilala na ufunguo wa kabati chini ya mto. Nawaomba kwanza wajumbe wa kamati mfungue daftari la kawaida la kurasa mia, likae kwa mtendaji wa kijiji, na mtoto yeyote wa hapa anayepelekwa mbali kwa ajili ya tabia aandikwe humo: amekwenda kwa nani, mahali gani, kwa namba gani ya simu, na atarudi lini, na penye jibu la “machimboni” asiandikwe, azuiwe. Kila Jumapili apigiwe, azungumze peke yake, mwenyeji wake akiwa mbali. Akisema anaumwa, atolewe siku hiyo apelekwe zahanati, na kama ni mwongo tutajua zahanati, kwa nauli tu. Na watoto wafundishwe kuikariri namba 116, ya huduma kwa mtoto, ambayo haikati salio, kama wanavyokariri namba za wachezaji wa Simba na Yanga.

Kwa wazee wenzangu nina ombi la pili. Siku nyingine kikao kinapofika mahali pale pa kukohoa, mzee akitaka kutoa shauri la kumpeleka mtoto mbali, na aulizwe kama yuko tayari kwenda naye walau wiki ya kwanza, alale alalapo na ale alacho. Nadhani vikao vingi vitapata mashauri mengine upesi.

Kijana wetu sasa ni fundi wa baiskeli barabarani, na amemrudishia bibi yake baiskeli, iliyoungwa kwa vipande vya baiskeli nne, yenye kelele nyingi. Mikono yake haitetemeki, namshukuru Mungu. Barua hii nimemsomea yeye kwanza, jana jioni, amekaa juu ya gurudumu bovu akisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na nilipomwuliza kama kuna jambo la kuondoa akasema hapana, ila kuna la kusahihisha: zile shilingi elfu tano nilizompa asubuhi ya safari zilikuwa elfu tatu. Nilifungua kinywa nimbishie, kwa maana nakumbuka noti ile vizuri kabisa. Zilikuwa elfu tatu.

Wenu katika ulezi,

Mwalimu mstaafu,
Didia, Shinyanga